Gari ya oda ikichemsha, usikimbilie mfuniko

Wauzaji wenzangu, juzi napeleka oda mjini kutoka huku Terrat, mshale wa joto ukapanda juu kabisa. Nikapaki, nikazima, nikawapigia wateja kwamba nachelewa. Usifungue rejeta ikiwa ya moto, maji yanaruka na kukuunguza uso.

Ikishapoa, kagua hivi:

1. Chomoa stiki ya oili. Ikiwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena, ita fundi. Huenda gasketi imeungua.
2. Maji yamepungua? Tafuta panapovuja: mipira, rejeta, pampu ya maji.
3. Havuji popote? Washa, injini ikipata moto angalia kama feni inazunguka.

Yangu ulipasuka mpira wa rejeta. Nikabadilisha mwenyewe, nikajaza kulanti. Oda ikichelewa unaomba radhi, injini ikifa mtaji umekwenda.