Vidokezo 8 vya Kuielewa Seli Bila Kukariri

Mwulize mwanafunzi wa Kitale sehemu za seli, atakutajia zote bila kupumua: kiini, mitokondria, ribosomu, kloroplasti, vakuoli. Mwulize tena kwa nini seli ya jani la mhindi ina kloroplasti ilhali ya mzizi haina, utamwona anakuna kichwa. Mada hii hufundishwa majina kwanza na kazi baadaye, na mtihani ukipita majina nayo huenda zake. Vidokezo hivi vinaanzia upande wa pili. Utahitaji kitunguu, chumvi, kipande cha muwa na, ukijaliwa, hadubini ya kuazima kwa mwalimu wa bayolojia.

1. Uliza kazi kabla ya jina

Oganeli ni viungo vidogo vilivyomo ndani ya seli, na wingi wake hufuata kazi ya seli yenyewe. Chukua misuli ya mguu. Linet Masai, mzaliwa wa Kapsokwony kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma, alishinda dhahabu ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya Berlin mwaka 2009. Mizunguko 25 ya uwanja inataka nishati isiyokatika, na nishati hiyo hutoka kwenye mitokondria, zinazotumia oksijeni kuvunja sukari na mafuta. Mazoezi ya muda mrefu huongeza mitokondria za misuli. Ukikaa kitako miezi kadhaa, zinapungua. Seli ya kongosho, ambayo kazi yake ni kutengeneza vimeng'enya vya chakula, imejaa ribosomu, kwa kuwa humo ndimo protini hutengenezwa. Ukishajua seli inafanya nini, unaweza kubashiri kilichomo hata kabla hujafungua kitabu.

2. Anza na kitunguu, lakini usitarajie makuu

Kata kitunguu, bandua ile ngozi laini iliyo kati ya tabaka na tabaka, itandaze juu ya kioo na uidondoshee iodini. Chini ya hadubini utaona vyumba virefu vimepangana, kila kimoja na nukta yake, ambayo ndiyo kiini. Hutaona kijani chochote. Tabaka hizo za kitunguu huweka akiba ya chakula gizani, na kloroplasti, zenye rangi hiyo, hazina faida bila mwanga. Mitokondria zimo, ila usijisumbue kuzitafuta, na ribosomu ndiyo kabisa: hizo zinataka hadubini ya elektroni. Mwanafunzi anayechora mitokondria akidai ameziona kwenye kitunguu cha shule amenakili kitabu.

3. Tia chumvi kwenye kachumbari, kisha subiri

Baada ya dakika chache bakuli lina maji ambayo hukuyatia. Yametoka ndani ya seli, yakapenya utando wake kufuata chumvi iliyo nje. Sukumawiki iliyonyauka sokoni huwa na shida ya namna hiyo: vakuoli zake, yaani mifuko ya maji ndani ya seli, zimepungukiwa maji, haziusukumi tena ukuta wa seli, na jani linalegea. Lisimamishe kwenye maji baridi na litakakamaa tena. Iliyokwisha kupikwa haifufuki hata uiloweke usiku kucha, kwa sababu moto umeharibu utando, na bila utando hakuna cha kuyazuia maji ndani.

4. Tafuna muwa kwa makini

Ukiwa Bungoma huhitaji maabara kwa hili. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kusaga miwa mwaka 1978, na tangu hapo watu wa huko wamekuwa wakizungumza habari za vakuoli bila kuzitaja. Sukari huanzia kwenye kloroplasti za majani, husafirishwa hadi kwenye shina, na huhifadhiwa ndani ya vakuoli za seli za shina. Unapotafuna, meno yanapasua kuta na utando, na utamu unaomeza ni maji ya vakuoli. Makapi unayotema ni kuta za seli.

Mkulima ambaye miwa yake imekatwa ikabaki shambani ikingojea trekta anajua kwamba kila siku inayopita sukari inapungua. Ndani ya muwa mna vimeng'enya vinavyoivunja, na bakteria huingia kupitia mahali palipokatwa. Shina likikatwa, uhai wa seli hauishi palepale, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

5. Ukipita Webuye, fikiria karatasi

Kiwanda cha Pan Paper kilianza uzalishaji mwaka 1974, kikafungwa 2009, na mwaka 2016 kikachukuliwa na kampuni za Rai. Siasa zake tuwaachie wenyewe. Kwa somo letu, kilichokuwa kikichemshwa pale ni miti, na sehemu kubwa ya mti uliokomaa ni seli zilizokwisha kufa: ndani ni tupu, ukuta umebaki. Kemikali huondoa lignini inayoshikanisha kuta, na selulosi inayosalia ndiyo daftari la mtoto wako. Mwingereza Robert Hooke, aliyezipa seli jina lake mwaka 1665, naye alikuwa akitazama kuta tupu za gome la mti. Hakuona oganeli hata moja.

6. Usiseme DNA iko kwenye kiini tu

Hapa Kitale ina la kusema. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa mjini humo mwaka 1956, mwanzoni kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho. Mwaka 1964 ikatoka H611, mbegu chotara iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyotoka Ecuador. Kila seli ya mwili wa mhindi ina kromosomu 20, yaani nyuzi za DNA, ndani ya kiini, 10 za mama na 10 za baba. Ukiweka mbegu kutoka kwenye shamba la chotara ukaipanda msimu unaofuata, kromosomu hizo huwa zimechanganyika upya, kila punje kivyake. Ndiyo maana mhindi mmoja unarefuka, jirani yake unadumaa, na magunia yanapungua. Muuza mbegu hakurogei shamba, wala si njama. Ni kiini kinafanya kazi yake.

Ili kupata chotara, mistari ya mahindi ya kike hung'olewa maua ya dume kileleni kabla hayajamwaga chavua. Ni kazi ya watu wengi na ya haraka. Wamarekani wakatafuta njia ya mkato: mahindi yaliyogunduliwa Texas ambayo chavua yake ni tasa, hivyo hayahitaji kung'olewa chochote. Utasa huo haukutoka kwenye kiini. Ulitoka kwenye mitokondria, ambazo zina DNA yao wenyewe na katika mahindi hurithiwa kwa mama. Kufikia 1970 mahindi mengi ya Marekani yalikuwa na mitokondria za ukoo huo mmoja. Protini iliyoleta utasa ikawa pia ndiyo mlango wa sumu ya kuvu wa majani, na mwaka huo takriban asilimia 15 ya mavuno ya nchi nzima ikapotea. Oganeli ambayo wengi huikariri kwa mstari mmoja iliwatia hasara wakulima wa taifa zima.

Kwa hiyo nunua mbegu mpya kila msimu, kwa muuzaji aliyeidhinishwa, na mtoto akiandika kwamba DNA hukaa kwenye kiini peke yake, mrekebishe. Kloroplasti nazo zina yao.

7. Soma jani, na uheshimu wasio na kiini

Majani ya chini ya mhindi yakianza kuwa manjano kutoka nchani, rangi ikifuata mshipa wa kati, naitrojeni imepungua. Klorofili na protini za kloroplasti zinahitaji naitrojeni, na mmea ukikosa huvunja kloroplasti za majani ya zamani ili kulisha machanga. Mvua nyingi ya Trans Nzoia huitiririsha naitrojeni chini ya mizizi, hivyo tazama shamba kabla ya kukisia mbolea ya kukuzia. Mche ukiwa na zambarau, shuku fosforasi au baridi.

Ukitoka shambani, onja mursik. Bakteria wanaochachusha maziwa hayo hawana kiini wala mitokondria, lakini ribosomu wanazo, maana hakuna kiumbe chenye seli kinachoishi bila kutengeneza protini. Ribosomu zao zina umbo tofauti na zetu, na baadhi ya antibiotiki hupiga hapo. Hata kimelea cha malaria kina oganeli iliyobaki kutoka kwa mwani wa kale, yenye ribosomu za aina ya bakteria, ndiyo sababu doksisaiklini hutumika kujikinga na malaria. Virusi vya mafua havina ribosomu kabisa, vinatumia zako. Antibiotiki unayodai dukani kwa ajili ya mafua haina pa kupiga.

8. Ijue seli iliyotupa kiini chake

Seli nyekundu ya damu hutupa kiini ikiwa bado kwenye uboho, ikabaki na nafasi ya kujaza himoglobini. Mitokondria nazo inazitupa, kwa hiyo haili oksijeni inayoibeba. Gharama yake ni kwamba haiwezi kujikarabati, na huishi siku 120 hivi. Mwenye selimundu ana badiliko la asidi amino moja tu katika mnyororo wa himoglobini. Badiliko hilo huifanya seli ijikunje kama mundu, ikwame kwenye mishipa midogo, na ife baada ya siku 10 hadi 20.

Bungoma iko katika ukanda wa malaria wa Ziwa Victoria, na hilo lina uhusiano. Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba wenye jeni ya selimundu ni wengi pwani na kando ya ziwa, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, yaani mbebaji, hupata kinga dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wote wawili ndiye anayeugua.

Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa, na mbebaji mara nyingi hana dalili yoyote. Vijana mnaopanga ndoa Bungoma, Webuye na Kimilili, ombeni kipimo cha himoglobini kabla ya kupanga watoto. Na mzazi ukiona mtoto mchanga anavimba vidole vya mikono na miguu huku akilia kwa maumivu, usimkande ukangoja. Mpeleke apimwe selimundu mapema, kwa sababu penisilini ya kila siku huwakinga watoto hawa na maambukizi yanayowaua.