Mbwa wa Kuokota kwa Nyumba Inayoshinda Shambani

Itaba, katika vilima vya Gitega nchini Burundi, nyumba nyingi hufungwa asubuhi na kufunguliwa jioni. Wakubwa wako kwenye maharage na mihogo, au bondeni wakati wa kiangazi. Watoto wako shuleni. Nairobi lipo shirika la kutunza wanyama, KSPCA, lililoanza mwaka 1910, ambalo hupokea mbwa walioachwa na kuwatafutia makao. Lakini Itaba mbwa huja kwa njia nyingine: mwenyewe amehama, au mnyama anazurura sokoni na watoto wamemwonea huruma. Je, nyumba isiyoshinda na mtu inaweza kumchukua? Inaweza, ikiwa atachaguliwa mbwa anayefaa na saa za asubuhi na jioni zitaheshimiwa.

Chagueni aliyekomaa

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku na hawezi kuzuia mkojo kwa muda mrefu. Kumfungia mchana kutwa ni kumtesa. Mbwa wa miaka miwili na zaidi, mwenye afya, hulala karibu nusu ya siku, na akizoeshwa anaweza kubaki peke yake saa sita hadi nane.

Kabla ya kumchukua, waulizeni majirani: amewahi kuuma mtu? Anafukuza kuku na mbuzi? Mbwa anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza, anayepepesuka au anayeuma bila kuchokozwa asiguswe kabisa. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa; mwiteni daktari wa mifugo.

Chanjo kwanza

Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na dalili zikishatokea kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu au zaidi, kisha chanjo hurudiwa kwa tarehe atakayoandika daktari. Tunzeni kadi yake.

Virusi huweza kukaa mwilini wiki au miezi kabla ya kuonekana, kwa hiyo chanjo ya leo haimsafishi mbwa aliyekwisha kuumwa na mwenzake mgonjwa. Miezi ya mwanzo, watoto wadogo wasiachwe naye peke yao, wala asilambe kidonda cha mtu. Akiuma, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana kadi. Msipake majani wala dawa ya kienyeji.

Mwombeni daktari dawa ya minyoo pia, na msimpe matumbo wala maini mabichi mnapochinja, kwa sababu humwambukiza minyoo inayoweza kuhamia kwa watu.

Mahali pa kushinda

Mjengeeni banda lenye kivuli, sakafu ikiwa juu ya ardhi ili mvua isimlowanishe. Wekeni majani makavu ya kulalia. Usiku wa Juni na Julai vilimani ni baridi. Maji yawe kwenye vyombo viwili vizito visivyopinduka.

Ua uliofungwa vizuri ni bora kuliko kamba. Ikibidi kumfunga, tandazeni waya imara kati ya nguzo mbili, kamba iteleze juu yake, na shingoni avae mkanda mpana usiokaza. Jioni afunguliwe. Mnyororo mfupi wa kila siku humfanya mbwa kuwa mkali, na wa kwanza kuumwa huwa mtoto wa jirani.

Kwa nyumba za Kiislamu, mbwa wa kulinda shamba na mifugo ameruhusiwa; awe na banda na chombo chake nje.

Mzoesheni kubaki peke yake

Wakati mzuri wa kumleta ni likizo kubwa ya Julai na Agosti, watoto wakiwa nyumbani. Mwacheni dakika tano, kisha kumi na tano, kisha nusu saa, kisha asubuhi nzima. Mkitoka, tokeni kimya bila kuaga kwa kelele. Kabla ya kwenda shambani atembezwe na ale kidogo; jioni atembezwe tena na ale zaidi. Ugali kwa dagaa au maharage yaliyoiva unamfaa. Vitunguu, muhogo mbichi na mifupa ya kuku iliyopikwa ni hatari kwake.

Mchagueni mtu mmoja wa kuwajibika kila jioni. Kazi ya wote mara nyingi hukosa mtu. Jirani anayebaki nyumbani aombwe kuangalia maji mchana.

Jike asizae ovyo

Jike hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka na hubeba mimba kwa karibu siku 63. Watoto wasio na mwenyewe ndio mbwa koko wa kesho. Muulizeni daktari kuhusu kumfunga uzazi. Isipowezekana, afungiwe ndani ya ua wiki tatu za joto.

Kama hakuna mtu nyumbani anayeweza kuahidi maji, chakula na nusu saa ya jioni kila siku, msimchukue. Mtafutieni jirani anayeweza, na ninyi mchangie gharama ya chanjo. Huo nao ni wema kamili.