Maisha Baada ya Kupasuliwa Pafu

Mgonjwa wa Kibaha au Kisarawe ambaye saratani ya pafu lake imegunduliwa ingali changa, akapewa rufaa kutoka Hospitali ya Tumbi hadi Muhimbili, na huko akakatwa sehemu yenye uvimbe, hurejea kwa jamaa zake akiwa na tumaini la haki. Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili, na aliyeondolewa moja, ikiwa zilizosalia ni nzima, aghalabu hubakiwa na pumzi za kumtosha kutembea na kufanya kazi zake; na takwimu za kimataifa zaonyesha kwamba uvimbe usiozidi sentimita 1 ukiondolewa kabla ya kuenea, takriban watu 90 katika 100 huwa hai baada ya miaka 5, ijapokuwa hesabu hiyo hupungua kadiri uvimbe ulivyokuwa mkubwa. Mwaka 1933, huko St. Louis, Marekani, Dakta Evarts Graham alimwondolea tabibu mwenziwe, James Gilmore, pafu zima la kushoto kwa maradhi hayo, naye akaishi miaka 30 baadaye.

Hata hivyo siha hairudi kwa siku chache. Maumivu ya ubavuni na ganzi kandokando ya kovu huweza kudumu miezi, wala mgonjwa asinyimwe dawa ya kutuliza kwa hofu kwamba ataizoea, kwa sababu anayeumwa hathubutu kuvuta pumzi ndefu wala kukohoa, na makohozi yakituama kifuani huzaa nimonia. Na akohoe, basi, akikumbatia mto. Atembee kila siku, akizidisha mwendo taratibu. Ndoo ya maji aiache wiki 6 hadi 8, mpaka tabibu amruhusu.

Linalotutia hofu zaidi katika nyumba zetu ni moshi. Graham mwenyewe, aliyekuwa mvutaji wa sigara, alifariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1957. Basi mgonjwa aiache sigara, wala mtu asivute karibu naye. Jiko la mkaa au kuni litolewe nje, na zamu ya kupika ashike mwingine.

Homa, usaha kidondani, kukohoa damu, mguu mmoja kuvimba, au pumzi kubana ghafla, si mambo ya kungoja asubuhi: apelekwe hospitali usiku huohuo.

Miadi ya kupigwa picha za kifua, ambayo miaka ya mwanzo aghalabu huwa kila miezi 6, asiiache hata akijiona mzima. Kikohozi kipya kikidumu wiki 2, makohozi yapimwe kifua kikuu, lakini tabibu aelezwe kwanza habari za upasuaji, na aonyeshwe karatasi zote za Muhimbili.