Kamera ya mkanda na kanzu nyeupe za Idd



Ndugu na dada zangu, baadhi yenu mmeomba niwafundishe kamera ya mkanda kabla ya Idd. Bismillah, tuanze. Yangu ni Pentax K1000, aina iliyotoka mwaka 1976. Ndani yake ni springi na meno ya chuma. Betri, ndogo kama kifungo cha shati, ni ya kupimia mwanga tu. Haina swichi ya kuzima, kwa hiyo ukimaliza funika lenzi, la sivyo betri itaisha bure.

Mambo ya kupanga ni matatu. Kwanza namba ya mkanda, 100, 200 au 400: iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo unayoiweka kwenye kamera. Pili ni muda wa pazia kufunguka, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000. Kwa mtu anayetembea, mimi sishuki chini ya 1/125.

Tatu ni tundu la lenzi, na hapa wengi hukwama, maana namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Chukua lenzi ya milimita 50 ugawe: kwa 2 unapata tundu la milimita 25, kwa 16 unapata kama milimita 3 tu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alichunguza jua lililopatwa kwa kupitisha mwanga wake katika tundu, akaeleza kwamba umbo la hilali huonekana tundu likiwa dogo, na hupotea likiwa pana. Kwenye lenzi pia, tundu dogo hukupa safu ya mbele na ya nyuma zote zikiwa wazi. Bei yake ni mwanga: kila hatua unayobana, mwanga hupungua nusu, na pazia lazima likae wazi mara mbili zaidi.

Sasa uwanja wa Idd. Sindano ya kipima mwanga hudhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Ikikuta kanzu nyeupe mia, itakuambia mwanga umezidi. Ukiitii, kanzu zitatoka za kijivu na nyuso zitazama gizani. (Mabuibui meusi huidanganya kinyume chake.) Msogelee mtu, pima uso wake, au pima mgongo wa mkono wako ukiwa kwenye jua lilelile. Panga, kisha rudi nyuma upige bila kujali sindano inasema nini.

Nasisitiza hili kwa sababu mkanda una picha 36, hakuna kufuta, na huoni kitu mpaka usafishwe. Mzee aliyekuja na wajukuu zake, huenda hiyo ndiyo picha pekee watakayobaki nayo. Muombe ruhusa, na usipite mbele ya wanaoswali.

Kila unapovuta mkanda, tazama kikunjio cha kushoto juu: kisipozunguka, huenda mkanda haujashika. Ukiisha, bonyeza kitufe cha chini ya kamera, zungusha kikunjio mpaka kilegee, ndipo ufungue.