SOMO LA BIBLIA: MWAKA 701 K.K.

Tusomapo 2 Wafalme 18 na 19 twakuta habari za mwaka 701 K.K. Mwaka huo Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alipanda kupigana na Yuda. Mji wa Lakishi ulitekwa. Picha za vita hivyo, zilizochongwa katika mawe ya jumba lake huko Ninawi, zipo leo London.

Mfalme huyo naye aliandikisha habari zake juu ya udongo uliochomwa. Ajisifu kwamba aliteka miji 46 yenye maboma, na kumzingira Hezekia katika Yerusalemu. Habari zote mbili zataja kodi ya talanta 30 za dhahabu. Bali za fedha, Biblia yasema 300, naye asema 800. Lakini hasemi kwamba aliingia Yerusalemu.

Tujifunze nini? Hezekia kwanza alibandua hata dhahabu ya milango ya hekalu, wala adui hakuondoka. Baadaye ndipo alipoikunjua barua ya vitisho mbele za Bwana. Je, sisi taabu itufikapo, twaanzia wapi: milangoni, au katika maombi?