Udongo Wenye Kuvu na Kifua cha Mfinyanzi

Somo la safari hii limetoka kwa kikundi kimoja cha akina mama wafinyanzi huku magharibi mwa Kenya, ambacho tumekuwa tukikitembelea kwa miaka kadhaa. Wanafinyanga vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, na ule udongo wa ndani wa jiko la Upesi. Kazi hiyo ndiyo karo ya watoto, ndiyo sukari, ndiyo nauli ya kwenda hospitali. Kwa hiyo mama mmoja alipotuambia kwamba anataka kuacha, tuliketi naye tukamsikiliza.

Alisema hivi: akifika kibandani asubuhi na kufunua udongo, anapiga chafya mfululizo, macho yanawasha, na baada ya muda kifua kinabana na kupiga filimbi. Jioni akirudi nyumbani anapata nafuu. Jumapili ni mzima kabisa. Ana pumu tangu utotoni, lakini miaka yote alifinyanga bila taabu. Wenzake walikuwa wameanza kusema ati ni uvivu, na wengine walinong'ona kwamba kuna mtu amemfanyia kitu.

Kumbe kosa lilikuwa letu. Mwaka uliotangulia tuliwashauri wanunue udongo wa lori zima kwa mara moja, ili kupunguza gharama ya usafiri, na waufunike kwa karatasi ya nailoni usikauke. Kwa hesabu ya pesa tulikuwa sawa. Ya kifua hatukuyafikiria. Tulipoinua ile karatasi kwa mikono yetu wenyewe tuliona madoa ya kijani, na mengine meupe kama pamba, na harufu ikatupiga kama ya ghala la mahindi lililoingia maji.

Hiyo ni kuvu. Ni jamaa ya ile inayoharibu mahindi, ambayo wakulima wa Ukambani hawawezi kuisahau tangu mwaka 2004, sumu yake ilipoua watu 125. Lakini tusitishane bure: udongo hauliwi. Taabu ya kuvu ya udongo ni kuivuta puani. Hutoa mbegu ndogo sana zisizoonekana kwa macho, nyepesi kuliko vumbi, na ukifunua gunia kwa haraka zinaruka zote usoni. Watu wengi hawasikii kitu. Mwenye pumu au aleji anasikia mara moja. Na aliyewahi kuugua kifua kikuu ajihadhari zaidi, maana mapafu yenye makovu yanaweza kuwa makao ya kuvu.

Ili kuvu iote inataka maji, hewa na chakula. Udongo wenyewe si chakula. Chakula ni mizizi na majani yaliyobaki ndani, samadi, gunia la katani linalooza, na yale maji ya kunawia mikono ambayo sisi sote tumeona yakimwagwa tena kwenye udongo ili yasipotee. Kwa hiyo tunza udongo safi, na mabaki yenye takataka uyatupe.

Hapa tuseme jambo linalochanganya wengi. Ukikata bonge ukakuta ndani ni jeusi na linanuka kama yai bovu, hiyo si kuvu. Ni kazi ya vijidudu vinavyoishi pasipo hewa. Uache wazi kwa muda, weusi utapungua, na ukichomwa utaisha. Hata kuvu yenyewe haifiki mbali katika moto: vyungu vyetu hupita nyuzi 600, na hakuna kuvu inayobaki hai hapo. Mteja akiuliza, mjibu bila wasiwasi.

Sasa turudi kwa yule mama. Kabla ya kulaumu kuvu tulimwomba aweke daftari kwa wiki mbili, aandike ni saa gani kifua kilibana na alikuwa akifanya nini. Hii ni muhimu, kwa sababu mfinyanzi ana maadui watatu: kuvu, vumbi na moshi. Moshi wa kuchomea vyungu humshika mtu siku ya kuchoma tu. Vumbi la udongo mkavu ni la hila, halileti chafya nyingi. Linakaa mapafuni miaka na miaka, linayatia makovu, na kukifungulia mlango kifua kikuu. Daftari lake lilionyesha wazi: ilikuwa ni asubuhi, wakati wa kufunua na kukanda. Alilipeleka zahanati, akabadilishiwa dawa ya kuvuta. Tunasisitiza, mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi asiseme "ni udongo tu". Aende akapimwe kifua kikuu. Na kifua kikibana na dawa ya kuvuta isisaidie, huyo ni wa kukimbizwa hospitali, hata kama ni siku ya kuchoma.

Dawa kubwa ya udongo ilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani: kuuweka mkavu. Udongo mkavu hauoti kuvu hata ukikaa mwaka. Wenzake wasio na aleji walinyunyizia lile rundo maji kidogo ili mbegu zisiruke, wakafunua polepole, wakakwangua tabaka la juu na kulizika. Uliobaki waliukata vipande vya kiasi cha ngumi, wakauanika juani juu ya turubai hadi ukakauka kabisa. Sasa wanaloweka ule wa kutumia wiki moja au mbili tu.

Mtu atauliza, je, hapo si mmeondoa kuvu mkaleta vumbi? Hapana, ikiwa hutwangi. Ukitumbukiza bonge lililokauka kabisa ndani ya maji, linabomoka lenyewe na kuwa uji. Lile lenye unyevunyevu ndilo gumu, linaweza kukaa majini siku nyingi likabaki vilevile. Wengi huona hii ni kinyume, tukawaonyesha kwa ndoo mbili. Usikoroge mapema, liache lilowe, mwaga maji ya juu, kisha mimina uji kwenye kitambaa uchujike hadi ukandike. Vigae vya kuchanganyia pia vinyunyiziwe maji kabla ya kusagwa, na kibanda kisifagiliwe kikavu.

Nyanya mmoja wa kikundi hakukubali. Alisema mama yake alikuwa akizika udongo msimu mzima, na vyungu vyake havikupasuka. Hakuwa amekosea. Udongo uliokaa majini hunyumbulika vizuri zaidi. Lakini unaoulainisha ni maji yanayoingia polepole pamoja na wale vijidudu wa ndani, si ile kuvu ya juu. Tulikubaliana ya mitungi mikubwa ilowekwe wiki mbili kamili na ikandwe mara mbili. Nyanya bado anasema wa zamani ulikuwa bora, na huenda ni kweli.

Vifaa navyo visisahauliwe: vitambaa vya kulainishia, mbao, vibuyu. Vioshwe na kuanikwa juani kila jioni. Vyenye madoa vipanguswe kwa siki. Dawa ya klorini ya kufulia nguo hatuishauri, maana harufu yake pekee inamwamsha mwenye pumu, na ukiichanganya na siki inatoa hewa yenye sumu. Leso puani haizuii mbegu za kuvu. Barakoa ya N95 inazuia ikishika uso vizuri, ila ni ya kufunulia udongo, si ya kuvaa kutwa nzima kwenye joto.

Mama yetu yupo kazini. Hatusemi amepona, pumu haiondoki hivyo, na msimu wa mvua ndefu bado unamsumbua. Wenzake wamemwondolea kazi ya kufunua na kuloweka, naye amechukua ya kuchora nakshi na kupeleka vyungu sokoni.

Mkikutana wiki hii, chungulieni chini ya nailoni yenu. Udongo ulio pale una muda gani? Ni nani anayeufunua, na kuna anayekohoa ambaye hamjamwuliza?