Chuo cha mwanangu kinahama ligi

*Mwanangu, mzaliwa wa Gisenyi, ni mkimbiaji anayesoma Marekani kwa ufadhili wa chuo. Anasema chuo kinahamia ligi nyingine. Je, atarudishwa nyumbani? – Mama, Rubavu*

Ondoa hofu, mama. Ufadhili hutolewa na chuo, si ligi. Kinachohamisha vyuo ni fedha za televisheni za mpira wa Kimarekani. Ndizo zilizokipeleka chuo cha Stanford, kilichoko California, kwenye ligi ya pwani ya Atlantiki, upande wa pili wa nchi, mwaka 2024. Wakimbiaji huburutwa tu: safari ndefu, vipindi vya darasani vinakosekana. Mimi naogopa zaidi bajeti, maana gharama zikipanda, riadha yaweza kupunguzwa. Aombe barua inayoonyesha ufadhili unaisha lini. Akitaka kuhama chuo, aanzie ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kuzungumza na kocha yeyote. Maana viza yake imefungamana na masomo ya chuo alichopo.